Mbwa aliyetelekezwa: mlishe kidogo kidogo, na usimdai urafiki

Mkuu, nimekuelewa. Umepokea mbwa jike wa kumlea kwa muda hadi apate wenyewe. Alikuwa amefungwa mnyororo, mbavu zinahesabika, amejibanza nyuma ya kochi, hagusi chakula ukiwa chumbani, na jana kakungurumia ulipogusa bakuli lake. Unauliza uanzie wapi, na kama ameshaharibika kiasi cha kutofaa kukaa na watu. Nimeshalea wa aina hiyo kadhaa, wengine hali zao mbaya kuliko huyo wako. Wiki ya kwanza nimeona mbwa wakiumizwa zaidi na huruma yenye haraka kuliko na ukatili.

Tuanze na tumbo, maana hapo ndipo anapoweza kufa. Unamwona mifupa mitupu, moyo unakuambia umjazie bakuli. Usifanye hivyo. Mwili ulioshinda njaa muda mrefu umekuwa ukijila wenyewe, mafuta kwanza, kisha misuli. Chakula kingi kikiingia ghafla, hasa cha wanga, insulini inapanda na kusukuma fosfati, potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye damu kuingia ndani ya seli. Damu inabaki tupu ya madini hayo, misuli inalegea, moyo unapiga ovyo, na mbwa anakufa siku chache baada ya kuokolewa, tumbo likiwa limeshiba. Kwa binadamu madaktari waliliona jambo hilo hilo mwishoni mwa Vita vya Pili vya Dunia, kwa wafungwa waliotoka njaani wakapewa chakula tele.

Hesabu yenyewe unaweza kuifanya kwenye simu. Mpime uzito wa sasa. Chukua hizo kilo uzizidishe zenyewe kwa zenyewe mara tatu (kwa mfano 16 × 16 × 16), kisha bonyeza kitufe cha kipeuo cha pili mara mbili, halafu zidisha kwa 70. Mbwa wa kilo 16 anakupa kilokalori 560, ambazo ndizo mwili wake unazihitaji kwa siku akiwa amelala tu. Siku za mwanzo mpe robo ya hizo, yaani 140, ukizigawa milo minne hadi sita, ya chakula chenye protini na mafuta zaidi ya wanga. Panda taratibu hadi ufikie kiwango kamili kwenye siku ya 10 hivi. Maji yawepo muda wote. Akidhoofika ghafla, akiyumba au akianza kutetemeka, nenda kwa daktari wa mifugo saa hiyo hiyo.

Na kwa daktari unatakiwa uende hata asipoyumba. Omba apimwe damu, na madini hayo yawemo. Mwinulie mdomo uangalie fizi: zikiwa nyeupe badala ya waridi, damu imempungua, na huenda minyoo au kupe ndio walioinywa. Dawa ya minyoo na ya kupe aipange daktari kwa uzito wake. Mbwa dhaifu hapewi kila kitu siku moja. Chini ya kola nako pachunguzwe, kwa sababu mbwa aliyefungwa tangu mdogo wakati mwingine shingo huota nyama juu ya mkanda. Kama anajikuna sana na ncha za masikio zimepukutika manyoya, huenda ni ule upele unaoambukiza, na wewe pia utawashwa. Hadi hayo yajulikane na chanjo zianze, mtenge na mbwa wako wengine, wiki mbili ni kipimo kizuri. Halafu tafadhali, dawa zako za maumivu usimpe. Parasetamoli na ibuprofeni zinaweza kuua mbwa.

Kuoga kunaweza kusubiri. Najua ananuka. Ila manyoya yaliyosokotana yakilowa yanazidi kukaza na kuvuta ngozi, kwa hiyo yanyolewe kwanza, na kama anaogopa sana yanyolewe kliniki akiwa amepewa dawa ya usingizi.

Sasa huko nyuma ya kochi. Mwache. Muwekee kitanda huko huko, na chumba kiwe na watu wachache. Wageni wanaotaka kumwona waambie waje mwezi ujao. Wewe ingia, keti sakafuni ukimpa ubavu, usimkazie macho, soma kitu kwa sauti ya kawaida, kisha toka. Akijilamba midomo, akipiga miayo bila usingizi, au akigeuza kichwa huku weupe wa jicho ukionekana, umeshasogea mno.

Wengi hapa watakushauri umlishe kwa mkono ili akuzoee. Mimi sikubaliani nalo kwa mbwa mwoga. Njaa inavuta miguu yake hadi kwako, anameza kile kipande, kisha anashtuka kujikuta yuko puani mwa mtu anayemwogopa. Hapo ndipo watu wanapong'atwa wakasema "mbwa aligeuka ghafla". Tupa kipande nyuma yake, mbali na wewe. Anakwenda kukila akiwa na amani, kisha mwenyewe anageuka kukutazama kama kuna kingine. Akikaribia, tupa tena nyuma. Kukaribia kunakuwa uamuzi wake, na kuondoka hakumnyimi kitu.

Kunguruma kwa jana ni jambo jema kuliko unavyodhani. Alikupa onyo badala ya meno. Ukimkaripia atajifunza kuacha onyo tu, hofu itabaki palepale. Usimnyang'anye bakuli "ili ajue bosi ni nani". Pita mbali, dondosha kipande kitamu kuliko alichonacho, endelea na safari yako. Baada ya muda, nyayo zako karibu na bakuli zitakuwa na maana nyingine kwake.

Ukimtoa nje, tumia kamba mbili, moja kwenye kola na nyingine kwenye mkanda wa kifua. Mbwa wa hivi akishtuka anarudi kinyumenyume na kola inavuka kichwa kama kofia.

Jambo moja litakalokutisha baadaye: akishapata nguvu, huenda akaanza kubweka, kutafuna viatu na kukimbiza paka. Utadhani anarudi nyuma. Ule utulivu wa sasa haukuwa tabia njema, alikuwa amezimika, na unayemwona baadaye ndiye mbwa mwenyewe. Kwa sababu hiyo usikubali apelekwe kwa familia mpya akiwa bado kimya, hata wakimpenda sana. Andika kila unachokiona, pamoja na hilo la bakuli, na wapewe lote. Wakiwa na watoto wadogo, hilo la bakuli liwe la kwanza kuwaambia.

Kampime uzito kesho, kisha rudi hapa na namba pamoja na majibu ya damu, tukupangie kiasi cha siku zinazofuata.