Kabla hujalipia darubini ya kutazama mwezi

Juzi kijana mmoja wa Kasulu kaniandikia: "Kaka, nimeona darubini imeandikwa inakuza mara 525. Niichukue?" Namba hiyo naijua. Ndiyo iliyoniaibisha.

Mwaka juzi nilijinyima miezi mitano nikaagiza ya kwangu kutoka Dar es Salaam, ikaletwa na basi. Kwenye boksi, 525 kwa maandishi mekundu. Nikangoja mwezi mpevu, maana nilidhani mwezi ukijaa ndipo unaonekana vizuri. Tena siku hizo wavuvi wa dagaa hapa Kibirizi, Kigoma, hupumzika: mbalamwezi ikiwaka, taa zao hazivuti samaki. Nikaita mtaa mzima. Nikafunga lenzi ya kukuza kuliko zote, na watu wakaona weupe unaotetemeka, basi. Nikigusa tu stendi, mwezi unakimbia. Shemeji yangu akasema mbele ya wote kwamba hela ile ingenunua mabati. Neno lile mpaka leo linanichoma.

Sasa nisikilize. Kioo cha darubini yangu kina upana wa milimita 76. Kwa kawaida darubini haina faida ukikuza zaidi ya mara mbili ya namba hiyo, yaani mara 150 hivi. Ukipita hapo unakuza ukungu. Kwa hiyo muulize muuzaji upana wa kioo au wa lenzi ya mbele. Ya milimita 70 inatosha kuanzia, na ukimudu ya 114 au 130, ichukue. Kukuza ni hesabu ya kugawanya: yangu fokasi yake, yaani umbali kutoka kwenye kioo hadi pale mwanga unapokusanyika, ni milimita 700; nikiweka lenzi ya jicho ya milimita 20, 700 kwa 20 napata mara 35, na mwezi wote unaingia.

Stendi nayo usiidharau. Huku kwetu, karibu na ikweta, mwezi hupita karibu na utosi, na bomba likiinuliwa hivyo miguu myembamba inayumba. Ile ya kwangu niliitupa. Fundi seremala wa mtaa wa Mwanga hapa Kigoma akanichongea kiti cha mbao cha kuikalishia darubini, kizito, kinachozunguka, kwa mtindo aliousambaza mtengeneza darubini John Dobson kule Marekani. Ndicho kilichoniokoa.

Na mwezi mpevu uache. Jua linaupiga usoni, vivuli vinapotea, kila kitu kinakuwa bapa. Tazama ukiwa nusu au umezidi kidogo, pale mwanga unapokutana na giza, ndipo milima na mashimo hutupa vivuli virefu.

Wiki iliyopita, mwezi wa siku ya tisa, nilimwita mzee mmoja jirani yangu, nahodha wa siku nyingi. Nikamwelekezea shimo liitwalo Copernicus, nikamwambia, "Mzee, hilo lina upana wa kilomita 93 hivi." Ziwa letu Tanganyika pale lilipo pana kabisa ni kama 72. Alivua kofia, akainama tena, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza, "Kwa hiyo nikiwa ukingo huu siioni ng'ambo?" Halafu akatuma mtoto akawaamshe wajukuu. Shemeji naye alikuja. Alirudi kwenye foleni mara mbili, na habari ya mabati hakuigusa.

Vijana wenzangu, acheni kununua namba za kwenye boksi! Hela unaitafuta juani halafu unamkabidhi mtu kwa sababu ya wino mwekundu? Uliza upana, tikisa stendi, ndipo ulipe. Nasema tena: upana na stendi.

Wewe wa Kasulu, nitumie picha ya ubavu wa boksi, pale penye namba ndogo ndogo, kabla hujatuma hela. Kama umeshalipa, anza na lenzi ya 20 mwezi ukifika siku ya saba. Na mchana ifunike. Usiielekeze kwenye jua hata mara moja, inapofusha, hata watoto wakikubembeleza vipi.