Jibu: uanze kulipa deni lipi?
Ndugu yangu, umeuliza kati ya madeni yako matatu uanze na lile dogo au lenye riba kubwa. Anza na lenye riba kubwa; mengine lipa kiwango cha chini tu, ila usichelewe. Riba ya asilimia 5 kwa mwezi inaonekana ndogo, lakini ikiachwa ijilimbikize, baada ya miezi 12 deni la 1,000 linakaribia 1,800. Hilo ndilo linalokumaliza.

Nakusihi, usikope kwingine ili ulipe hapa. Mimi nilifanya hivyo miaka miwili, nikawa nafukua shimo kufukia shimo. Zungumza na wanaokudai mapema, wengine hukubali kupanga upya malipo. Na kabla hujaamua upunguze matumizi gani, andika kila unachotumia kwa mwezi mzima.