GGT imepanda, nami pombe niliacha

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni mkulima wa tumbaku wilayani Urambo, mkoani Tabora. Natumia fenobabitoni kwa ajili ya kifafa tangu ujanani. Hivi karibuni nilipimwa ini, na vipimo vyote vilikuwa vya kawaida isipokuwa kimoja kiitwacho GGT, kilichosomeka 148 wakati kikomo cha maabara yao ni 60. Aliyenipa majibu alisema mbele ya mke wangu kwamba hiyo ni dalili ya mnywaji. Wanzuki niliacha zamani, lakini sasa nyumbani siaminiki. GGT ni kitu gani hasa? Na je, niache dawa?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Nianze na lililo la haraka: dawa usiache. Kukatisha fenobabitoni ghafla kunaweza kuleta kifafa cha mfululizo, nacho huua.

GGT ni kifupi cha gamma-glutamili transferasi, kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kemia ya mwili, kinachokaa kwenye utando wa seli kikiwa kimeelekea nje. Huivunja glutathioni, molekuli ya ulinzi iliyoundwa kwa asidi amino tatu (asidi amino ndizo zinazojenga protini), yaani glutamati, sisteini na glisini: hukata kipande cha glutamili na kukikabidhi kwa asidi amino nyingine iliyo nje, kisha viwili hivyo vikiwa vimeungana huvushwa hadi ndani, ambako asidi amino huachiwa huru na glutathioni huundwa upya. Marian Orlowski na Alton Meister waliuelezea mzunguko huo mwaka 1970. Baadaye ilionekana kwamba si njia kuu ya kuvusha asidi amino, kwa kuwa kila mzunguko hugharimu molekuli 3 za ATP, ambayo ndiyo nishati ya seli, na asidi amino nyingi zina protini zake za kuzivusha kwa gharama ndogo zaidi. Faida kubwa ya GGT ni kuokoa sisteini isipotee. Panya wa maabara waliozaliwa bila kimeng'enya hiki walidumaa na kupata mtoto wa jicho.

Figo zina GGT nyingi kuliko ini, lakini ile inayopimwa kwenye damu hutoka hasa katika ini na mirija ya nyongo. Pombe huipandisha, ni kweli, ila hupanda pia mirija ya nyongo inapoziba, ini linapojaa mafuta, na pale dawa zinapolichochea ini kuzalisha vimeng'enya zaidi. Katika kundi hilo la mwisho fenobabitoni imo mstari wa mbele, pamoja na fenitoini na kabamazepini. Kwa mtu anayetumia dawa yako, na ambaye vipimo vingine vya ini ni vya kawaida, namba 148 hainishangazi. Kumtangaza mnywaji kwa kipimo hiki kimoja, tena mbele ya mkewe, ni kukitwisha kipimo mzigo kisichoweza kuubeba.

Kwa aliyeacha pombe, GGT hushuka taratibu kwa wiki kadhaa, lakini inayopandishwa na dawa huweza kubaki juu muda wote dawa inapotumika. Nendeni kliniki wewe na mama watoto, mkiwa na kopo la dawa na karatasi ya majibu, ili tabibu awaeleze wote wawili na apange kipimo cha kurudia. Macho yakigeuka manjano, mkojo ukawa na rangi ya chai ya rangi, au ukipata maumivu upande wa kulia chini ya mbavu, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda hospitali siku hiyohiyo.