Maktaba ya Mkoa Si Chumba cha Kujisomea Tu

Kwa miaka mingi ambayo nimekuwa msomaji wa maktaba za mikoa hapa Tanzania, nimeona wanafunzi wakijaza viti, wakifungua madaftari waliyokuja nayo na kusoma hadi jioni, kisha wakaondoka bila kugusa kitabu hata kimoja cha kwenye rafu. Utulivu wa kujisomea ni huduma muhimu, hasa kwa mtu anayelala chumba kimoja na wadogo zake, lakini anayeishia hapo anaiacha haki yake kubwa bila kuitumia.

Ninaiita haki kwa sababu maktaba hizi zilianzishwa kwa ajili ya kila mwananchi. Wakati wa ukoloni, kuanzia 1948, vitabu vilisambazwa na East African Literature Bureau, shirika la kikoloni la kuchapisha na kusambaza vitabu Afrika Mashariki, vingine kwa makasha na vingine kwa posta. Baada ya uhuru ilitungwa sheria ya mwaka 1963 ya kuanzisha huduma za maktaba kwa nchi nzima, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere akaifungua Maktaba Kuu jijini Dar es Salaam. Katika kampeni ya elimu ya watu wazima ya miaka ya 1970, maktaba za vijiji zilianzishwa ili mkulima aliyetoka kujifunza kusoma apate cha kusoma, asije akausahau ujuzi wake. Sheria ya 1975 ndiyo iliyounda Bodi ya Huduma za Maktaba tuliyo nayo leo.

Ushauri wangu wa kwanza ni kujifunza namba zilizobandikwa kwenye migongo ya vitabu. Vitabu hupangwa kwa mfumo wa Dewey, ambao huweka kila somo chini ya namba yake: kilimo ni 630, ufugaji ni 636, historia ya Tanzania ni 967.8, na fasihi ya Kiswahili ni 896.392. Ukishaijua namba ya jambo unalolitafuta, simama mbele ya rafu hiyo na usome majina ya vitabu vyote vilivyopangwa jirani, kwa maana mara nyingi kitabu kilichonifaa zaidi sikuwa nimewahi kulisikia jina lake.

Ukikwama, mwendee mkutubi, nawe umweleze shida yenyewe badala ya kumtajia jina la kitabu. Anayesema "natafuta namna ya kutibu kuku wanaokufa ghafla" husaidiwa vizuri kuliko anayesema "naomba kitabu cha kuku", kwa sababu mkutubi ataweza kufikiria pia majarida, magazeti ya zamani na vitabu vya rejea, ambavyo husomwa humo humo bila kuazimwa.

Uliza pia masharti ya uanachama, kwa kuwa kwa kawaida bila kuwa mwanachama huwezi kwenda na kitabu nyumbani. Mzazi mwenye watoto aulize habari za sehemu ya watoto, na awapeleke mapema, kabla mitihani haijawazoesha kudhani kwamba kusoma ni adhabu.

Na kama umeandika kitabu, hata kijitabu cha historia ya ukoo wenu kilichochapwa mjini kwenu, fahamu kwamba sheria inamtaka mchapishaji awasilishe nakala kwa Bodi, ambayo pia ndiyo inayotoa nchini namba za ISBN, yaani namba za kimataifa za kutambulisha vitabu. Fuatilia nakala hizo zifike, kisha uulize kama maktaba ya mkoa wako nayo itapokea moja.