Hujui kuprogramu? Miongozo bado inahitaji mwandishi

Unaweza kuwa mwandishi wa kiufundi, yaani mtu anayeandika miongozo na taratibu za kazi, bila kujua kuprogramu. Unakosa hasa kazi za nyaraka za wasanidi programu. Viwanda, maabara na maghala yanahitaji taratibu za kazi zilizoandikwa. Mkaguzi wa ISO 9001 (kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa ubora) hutaka pia ushahidi wa maandishi, si maneno ya mdomo tu. Kuna pia zabuni na vitini vya mafunzo.

Anza na sampuli ya kumwonyesha mwajiri. Mtazame mtu akibadilisha katriji ya printa, uandike kitendo kimoja kwa kila hatua. Onyo litangulie hatua yake. Likija baadaye, msomaji keshaharibu. Kisha mpe maandishi hayo mtu asiyewahi kuifanya kazi hiyo ayafuate, nawe unyamaze (hapa ndipo wengi hushindwa, wanaanza kuelekeza). Akikwama hatua ya 4, tatizo mara nyingi liko hatua ya 3. Usitume insha; mwajiri anataka kuona hatua.