Badala ya "mbaya": maneno ya ardhi isiyopitika na hali isiyotulia

Neno ninalolifuta mara nyingi kuliko mengine yote, katika kazi zangu na za wengine ninazohariri, ni "mbaya". Njia mbaya, eneo baya, hali mbaya. Msomaji akiambiwa njia ilikuwa mbaya hajui kama avue viatu au akaze kamba zake. Kwenye tope angevua. Kwenye mawe yenye ncha asingethubutu. Alichoambulia ni kwamba mwandishi hakuipenda ile njia, basi.

Wengi wakionyeshwa hilo hukimbilia visawe, wakaiondoa "mbaya" na kuchomeka "korofi". Hapo hakijabadilika kitu. Ninachoshauri ni kuanza na mguu kabla ya kamusi: ardhi ile ilimfanya nini aliyeikanyaga? Ilimzamisha, ilimtelezesha, ilimkwaza, ilimchoma, au ilimtumbukiza? Ukishakipata kitenzi, nomino hujileta zenyewe.

Kama ilimzamisha, una tope, kinamasi na mchanga laini, na una vitenzi vya kuonyesha kiasi. Ardhi inayobonyea huacha alama ya unyayo tu. Inayotitia huumeza mguu kidogo kidogo. Kama ilimtelezesha, usidhani ni lazima pawe na tope: jiwe lililoota ukoga lina utelezi wa kumwangusha mtu mwangalifu. Changarawe nayo huangusha, ila kwa namna yake, maana punje zake huviringika chini ya soli, hasa mahali penye mteremko. Kokoto haziko hivyo. Hizo ni mawe yaliyopasuliwa, yana kingo, na anayepita juu yake pekupeku huchomwa. Ukiandika kokoto mahali pa changarawe, umempa mhusika wako maumivu ambayo hadithi haikuyataka.

Mashimo nayo hayafanani. Korongo huchimbwa na maji ya mvua au ya mto. Bonde limekaa kati ya miinuko, na linaweza kuwa pana na zuri la kulima. Genge limesimama wima. Mtu huanguka kutoka gengeni. Kuhusu mwinuko na mteremko, mara nyingi ni mahali pale pale, kinachotofautiana ni mhusika anaelekea wapi: anayepanda mwandikie mwinuko, akigeuka kurudi mwandikie mteremko.

Kisha kuna uradidi, yaani kulirudia neno lile lile, ambao nauona ni hazina tunayoitumia kidogo mno. "Njia ina mawe" inaweza kuwa njia yenye jiwe hapa na jingine kule. "Njia ni ya mawemawe" ni njia ambayo huna pa kuweka mguu bila kukanyaga jiwe. Vivyo hivyo mashimomashimo na mabondebonde. Ukishalirudia neno hivyo, usiongeze "mengi sana" mbele yake, kwa sababu wingi umo tayari.

Ninachokipenda kuliko vyote ni kitenzi cha kutendeka, kama "pitika" kutoka "pita", kikikanushwa pamoja na mahali. Hapapitiki. Neno moja, na sentensi imekamilika. Halafu lugha inakuwezesha kuchagua upana: "hapa hapapitiki" ni sehemu uliyoinyoshea kidole, "huku hakupitiki" ni upande mzima, na "humu hampitiki" ni ndani ya kichaka au korongo. Chukua sentensi kama hii: "Njia ilikuwa mbaya sana na safari ilikuwa ngumu." Mimi ningeiandika hivi: "Njia ilikuwa ya mawemawe mpaka korongoni, na humo hamkupitika ila kwa kushika mizizi." Ugumu haukutajwa, na msomaji ameshautambua.

Hata tanakali za sauti hutambulisha ardhi. Akianguka pwata, ni topeni. Akianguka tifu, ni mchangani. Huhitaji kueleza zaidi.

Kutendeka huko huko ndiko kunakotuvusha hadi kwenye hali za watu. Nyumba ikijaa ugomvi tunasema hamkaliki humo, na hakuna aliyetaja ukuta wala sakafu. Maneno mengi ya hali isiyotulia yametoka kwenye ardhi, kwenye chombo cha baharini, au kwenye mwili wa mtu, na yangali yamebeba picha ya huko yalikotoka. Kwa hiyo swali ni lile lile: kitu hiki kinafanya nini?

Kuyumba ni kwenda upande huu na huu bila kuanguka. Kutetereka kunadai kwamba kitu kilikuwa imara kwanza, ndiyo maana imani hutetereka na msingi hutetereka. Kulegalega ni kwa viungo vilivyolegea. Kusuasua ni kwa kinachokwenda lakini kwa kusitasita. Kampuni inayobadili msimamo kila wiki inayumba. Ambayo idara zake hazishikani inalegalega. Ambayo miradi yake huanza, ikasimama, ikaanza tena, inasuasua. Ukiandika zote tatu katika aya moja kwa kampuni ile ile, msomaji atajua tu kwamba ulikuwa na kamusi mkononi. Na tafadhali usiandike kwamba msingi unapepesuka. Anayepepesuka ni mtu, kwa ulevi au kwa udhaifu wa mwili.

"Tete" ni neno ninaloliheshimu, na linachoshwa bure. Linafaa kwa kitu kinachoweza kuvunjika kikiguswa vibaya, kama hali ya mgonjwa aliye mahututi au mazungumzo ya kusitisha mapigano. Mapigano yakishapamba moto, hali si tete tena. Sintofahamu ni pale watu hawaelewi kinachoendelea. Taharuki ni pale hofu imekwisha kuwakumba. Mtafaruku ni pale wenyewe kwa wenyewe hawapatani. Mkutano mmoja unaweza kupitia yote matatu, na mwandishi makini atayapanga kwa jinsi yalivyofuatana. Vilevile "hali si shwari" huonya, lakini "mambo yamekwenda mrama" hueleza kilichokwisha kuharibika. Yote mawili ni ya baharini: shwari ni utulivu wa bahari, mrama ni chombo kulala huku na huku.

Kamusi ya Visawe ya Mohamed A. Mohamed na Said A. Mohamed, iliyotoka mwaka 1998, ninayo mezani na huifungua mwishoni, rasimu ikishakamilika. Humo natafuta neno nililolisahau. Nikikutana na nisilolijua, nalipeleka kwenye Kamusi ya Kiswahili Sanifu nikasome maana yake kwa ukamilifu, na kama bado silioni likitembea ndani ya sentensi, naliacha mpaka nilisikie likitumiwa na mtu.