Safari ya Mbali kwa Ndege: Hesabu Saa, Acha Kilomita

Nimeshawasaidia ndugu na marafiki wengi kupanga safari za mbali, na karibu wote huanza na swali la kilomita. Mimi huwarudisha kwenye saa, kwa sababu kilomita peke yake haikwambii utafika lini.

Chukua London na Sydney. Kati yake ni takriban kilomita 17,000, na ndege kubwa ya abiria huenda karibu kilomita 900 kwa saa. Ukigawanya unapata saa 19. Lakini tiketi nyingi za njia hiyo zina kituo katikati, mfano Singapore au Dubai, hivyo safari hufika saa 22, 24 au zaidi.

Kinachowachanganya watu hasa ni saa zilizoandikwa kwenye tiketi. Saa ya kuondoka ni ya mji unaotoka, na ya kufika ni ya mji unaokwenda. Tuseme ni Januari, unaondoka Sydney Jumatatu 16:00, unafika London Jumanne 05:00. Ukitazama haraka utadhani ni saa 13. Sasa geuza saa ya kuondoka iwe ya London: Januari Sydney iko mbele kwa saa 11, kwa hiyo ulipopaa, London ilikuwa Jumatatu 05:00, alfajiri. Umesafiri saa 24 kamili! Fanya hesabu hii kila mara, kwa kalamu na karatasi. Tena angalia mwezi, maana Julai tofauti ya miji hiyo hushuka hadi saa 9, kwa kuwa kila upande hubadilisha saa zake kwa msimu wake.

Usitegemee pia kwamba kwenda na kurudi ni sawa. Huko juu kuna upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. New York hadi London ni kama saa 7, kurudi ni kama 8. Na njia yenyewe hubadilika: tangu anga ya Urusi ilipofungwa kwa mashirika mengi ya Ulaya mwaka 2022, Helsinki hadi Tokyo imetoka kama saa 9 hadi kama 13, ingawa miji haijasogea hata hatua moja.

Kuhusu kuunganisha ndege, nina msimamo: saa moja ya kusubiri ni kidogo mno. Ndege ya kwanza ikichelewa kidogo tu, utakimbia uwanja mzima, na pengine kuna foleni nyingine ya ukaguzi. Mimi huchagua saa tatu. Na safari yote iwe kwenye tiketi moja. Tiketi mbili za mashirika tofauti zinaweza kuwa na bei nafuu kidogo, ila ukiikosa ndege ya pili, hasara kwa kawaida ni yako.